Mkunjo wa Saba

Jumatatu, 3 Machi

Wakili amesema tuandike kila kitu, kila siku, na tarehe juu. Alimwambia binti yangu, si mimi, lakini binti yangu amelala ameelekea ukutani tangu juzi, kwa hiyo naandika mimi. Nilisoma madarasa matatu tu. Atakayecheka mwandiko wangu na acheke. Nimeshona madaftari ya serikali miaka thelathini na moja, na wasomi wote wa ofisi zao wameandikia juu ya kazi yangu.

Mambo yenyewe ni haya. Jumamosi tarehe kumi na nne Desemba bomu lililipuka katika ukumbi wa kusubiria wa stesheni. Watu arobaini na mmoja walikufa. Binti yangu ni karani wa taarifa katika ofisi ya usalama. Kazi yake ni kupokea simu za raia, kuandika kwenye daftari, kisha kumpelekea Mkuu wake asaini pembeni. Anasema tarehe tatu Desemba mama mmoja mwenye nyumba ya kupangisha alipiga simu. Alisema wapangaji wake wamechora ramani ya ukumbi ule, na wana mabegi hawataki yaguswe hata na ufagio. Binti akaandika. Mkuu akasaini. Basi. Hakuna aliyekwenda hata kuchungulia dirishani.

Sasa yule mama amesema hadharani kwamba alipiga simu. Mkuu naye anasema ofisi yake haikupata habari yoyote, na kama simu ilipigwa, karani hakuiandika. Daftari limefunguliwa, na kwenye tarehe tatu Desemba simu hiyo haimo. Binti amesimamishwa kazi. Tume ya uchunguzi itakaa msimu huu wa mvua. Ikisema kosa ni lake, anakwenda jela, na roho arobaini na moja mgongoni.

Mvua bado. Mawingu yanajishaua tu.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna jambo. Binti amekula nusu kipande cha mkate.

Jumatano, 12 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, kubwa, ya kutoboa mabati.

Nimekutana na seremala, jirani yetu wa nyumba ya pili. Mke wake alikuwa ndani ya ukumbi ule. Nikamwamkia. Akaangalia mfereji kana kwamba humo ndimo kuna mtu. Mimi si wa kuachwa nimeninginia na salamu mdomoni, nikamwita.

"Seremala! Mimi nimekukosea nini?"

"Wewe hujanikosea, Mama."

"Basi nijibu."

"Nikikujibu wewe, kesho mwanao naye atanisalimia. Yeye nitamjibu nini?"

Nimerudi ndani nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumatatu, 17 Machi

Mjukuu wangu, mtoto wa huyu binti, ana miaka kumi na moja. Leo amerudishwa nyumbani kabla ya saa nne kwa kumpiga mwenzake kwa rula. Mwenzake alisema, "Mama yako ameua watu." Nimemgombeza mjukuu vya kutosha, nikamwambia rula ni ya kupigia mistari. Kisha nikamtilia sukari vijiko vitatu kwenye chai. Hakuna haja ya wakili kujua hilo la sukari.

Jioni nilikaa kitandani kwa binti nikamuuliza lile nililokuwa nalo kooni tangu mwezi wa pili.

"Uliandika, au hukuandika?"

Akageuka. Ndiyo mara ya kwanza kunitazama kwa siku nne.

"Hata wewe, Mama?"

"Mimi ndiye niliyekuzaa, nina haki ya kuuliza. Ulipokuwa mdogo ulivunja birika ukasema ni paka."

"Hatukuwa na paka."

"Ndiyo maana nauliza!"

Akasema aliandika. Akasema kurasa za wiki ile zina mwandiko unaofanana na wake, lakini si wake. Akarudi ukutani. Naandika hapa kwa sababu lazima niandike kweli: sikumwamini sana. Nilidhani labda alichoka siku ile, labda simu zilikuwa nyingi, labda anaona haya. Nimelala na mawazo hayo kama nimelalia kokoto.

Jumanne, 18 Machi

Tume imeanza kukaa. Ni chumba kirefu chenye mafeni mawili, moja halizunguki. Jaji mstaafu amekaa mbele, mzee mwembamba anayenoa penseli zake mwenyewe. Mkuu alizungumza asubuhi nzima. Sauti laini, kitambaa cheupe mfukoni, kila sentensi inaanza na "kwa masikitiko makubwa". Kisha akaja mtaalamu wa mwandiko wa serikali, akasema mwandiko ni wa karani. Dakika kumi na tano akamaliza, akaenda zake.

Wakili wetu ni msichana mdogo, viatu vya mkanda, anatafuna kalamu. Nikajisemea, tumekwisha.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Tume haikukaa, dari linavuja.

Jumamosi, 29 Machi

Kazini karakanani tumeshona madaftari arobaini ya shule. Chiriku kashona matano tu, mtu wa kushona kumi. Huyu ni msichana niliyemfundisha kazi tangu hajui kushika sindano. Nilimpa jina hilo mwenyewe kwa sababu alikuwa halali mdomo. Sasa ana miaka ishirini na saba, na tangu mwaka uanze haongei. Nilidhani mapenzi. Nikamwambia, "Kama ni mwanamume, mwache, wapo wengine wabaya kama yeye." Zamani angecheka mpaka uzi umtoke mkononi. Leo ameinama tu.

Jumanne, 1 Aprili

Hii itakuwa ndefu.

Leo karani wa tume alilileta daftari lenyewe, akaliweka mezani mbele ya Jaji. Mimi nilikaa benchi la nyuma kabisa na mwavuli wangu. Akaliachia. Daftari likafunguka lenyewe, pwa, likalala bapa.

Nieleze, maana watu hawajui. Daftari kubwa la ofisi hushonwa kwa mikunjo. Unachukua karatasi nane, unazikunja pamoja katikati, huo ni mkunjo mmoja, kurasa thelathini na mbili. Daftari lile lina mikunjo tisa. Unaishona mmoja mmoja kwa uzi wa nta, kila mmoja unaushika na wenzake, kisha unatia gundi mgongoni na jalada juu. Mikunjo yote ikikazwa pamoja siku moja, daftari huwa na ubishi sawasawa kila mahali. Halifunguki lenyewe kwenye ukurasa fulani. Linalofunguka hivyo limetolewa kitu likarudishiwa kitu, na mgongo unajua.

Lilifungukia Desemba.

Nikasimama. Sikupanga. Nikasema, "Hilo limefumuliwa!"

Chumba kizima kikageuka. Jaji akauliza ni nani huyo. Mkuu akacheka kidogo kwenye kitambaa chake. Nikasema, "Ni mimi niliyelishona, na kazi yangu hailali hivyo! Mtu ameingiza mkono humo!"

Askari akaja akanishika kiwiko. "Bibi, tulia. Twende nje."

"Bibi yako mimi? Kama ningekuwa bibi yako ungekuwa umefunga vifungo vya shati!"

Wamenitoa. Nimekaa barazani na mwavuli. Baada ya saa nzima wakili akatoka. Nilijua anakuja kuniambia nimeharibu kesi. Akachuchumaa mbele yangu na viatu vyake vya mkanda kwenye maji.

"Mama, lile neno lako la kufumuliwa. Unaweza kulionyesha kwa mkono?"

"Nipe sindano butu na mwanga."

Nimebadili mawazo juu ya yule msichana. Atafune kalamu zote anazotaka.

Nyumbani nilimwambia binti, "Nilikutilia shaka. Nilikosea." Sijui kuomba radhi kwa maneno mengi. Alikaa kitandani, akaomba chai.

Ijumaa, 4 Aprili

Wametupa nusu saa ya kulikagua daftari. Jaji, wakili wetu, wakili wa Mkuu mwenye soksi za hariri, karani wa tume na mimi. Sikulikata daftari. Nilifungua mkunjo mmoja mmoja katikati, nikanyanyua uzi kwa ncha ya sindano.

Katika karakana yetu kuna desturi. Anayeshona mkunjo huandika kwa penseli, ndani kabisa ya kunjo, chini ya uzi, alama yake na nambari ya mwezi. Ni ili daftari likifumuka ofisini kwa watu, msimamizi ajue nani wa kugombezwa. Mwandishi wa daftari haoni kamwe, uzi unaifunika. Alama yangu ni mistari miwili. Madaftari ya mwaka ule tuliyashona Novemba ya nyuma yake.

Mkunjo wa kwanza: mistari miwili, 11. Wa pili: mistari miwili, 11. Mpaka wa sita. Wakili alikuwa anahesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea.

Wa saba: duara dogo, 1.

Wa nane na wa tisa, mistari miwili, 11.

Jaji akaivuta taa. "Moja ni nini?"

"Januari, mheshimiwa. Daftari hili lilianzwa Oktoba, likajaa mwisho wa Desemba. Mkunjo huu umeshonwa Januari. Mtu aliandikaje Desemba kwenye karatasi iliyoshonwa Januari?"

Kisha wakili wa Mkuu akakohoa. Akasema alama ya penseli yaweza kuchorwa na yeyote, hata na bibi huyu mwenyewe, mama wa mshukiwa, mwenye kuingia karakanani kila siku. Jaji akasema hoja hiyo ina uzito. Akaniuliza, "Alama hii ya duara ni ya nani?"

Nikasema nitafikiri.

Uongo. Nilijua tangu sekunde ya kwanza. Duara lile nilimchagulia mimi mwenyewe, akiwa na miaka kumi na tisa, kwa sababu alikuwa hawezi kuchora mstari ulionyooka.

Jumatano, 9 Aprili

Sijasema kwa mtu. Mvua siku ya tano, ukuta wa jikoni umelowa mpaka kifuani. Binti ananiuliza, "Mama, ni nani?" Namwambia anipishe, napika.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemngoja Chiriku mpaka wote waende kula mchana. Tukabaki wawili na mashine ya kukatia. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, nimeyapanga kama mikunjo. Nikafunga mlango.

"Mkunjo wa saba," nikasema.

Hakuuliza wa daftari gani. Alikaa chini sakafuni, kwenye vipande vya karatasi.

"Mama, niliambiwa ni kazi ya siri ya serikali. Msimamizi alileta karatasi zimeshaandikwa, zimeshapigwa nambari. Akasema toa ule, tia huu, unyamaze. Nyuma yake amesimama mtu wa ofisi ya usalama."

"Na ukatia alama."

"Mkono ulikwenda wenyewe. Nilishakaza uzi ndipo nikakumbuka. Nikasema, nani atafungua hapo?" Akanitazama. "Kila siku nakuona unashika mwavuli unakwenda kwenye tume. Kila siku."

"Njoo useme."

"Watanifunga. Ni mkono wangu."

"Mwanangu atafungwa kwa mkono wako!"

"Usinipigie kelele, Mama! Wewe ndiye uliyenifundisha! Nilipokuwa nikiuliza, hizi karatasi zinasema nini, ulinipiga vidole kwa rula. Kazi yetu kushona, si kusoma. Kazi yetu kushona, si kuuliza. Mara ngapi? Nimeshona. Sikuuliza."

Nilitaka kumzaba kibao. Mkono ulikuwa juu. Kisha nikaona ni kweli, kila neno, hata ile rula. Nilijisifu miaka yote kwamba hakuna mwanafunzi wangu anayechokonoa mambo ya wakubwa. Niliona ndiyo nidhamu. Na walipohitaji mtu wa kushona bila kuuliza, walimkuta tayari, nimeshawapikia.

Nikashusha mkono. Nikakaa sakafuni, na magoti yangu haya hayapendi sakafu.

"Nilikufundisha vibaya," nikamwambia. "Alama nilikufundisha vizuri. Hilo la kunyamaza, vibaya."

Alilia. Sikumwambia tena aje. Nilimwambia tu kwamba tume inakaa tarehe ishirini na nne, saa tatu, na kwamba jina lake sitalitaja mimi. Akitajwa, ajitaje mwenyewe.

Binti nilipomweleza alikasirika. Alisimama katikati ya chumba, nywele timutimu, akanifokea kwa nini sikumtaja. Nikafurahi. Alikuwa amesimama.

Jumanne, 15 Aprili

Chiriku hakuja kazini.

Jumatano, 16 Aprili

Hakuja.

Jumanne, 22 Aprili

Hakuja. Chumbani kwake pamefungwa kwa kufuli. Msimamizi anatembea na mikono nyuma, haniangalii. Wakili anasema bila mshonaji, alama yetu ni penseli tu. Binti amesema, "Angekuwa anataka kuja angebaki." Nimemwambia anyamaze. Mimi mwenyewe nafikiri hivyohivyo.

Alhamisi, 24 Aprili

Saa tatu hakuna mtu. Saa nne hakuna. Mvua inapiga vioo mpaka Jaji anarudia maneno mara mbili. Mkuu amekaa mstari wa mbele, miguu imekunjwa, kama mtu anayengoja kinyozi. Jaji akasema kama hakuna shahidi zaidi wa jambo la daftari...

Mlango ukafunguka. Chiriku, amelowa mpaka viatu vinatoa povu, na mama yake mzazi nyuma yake ameshika ndoo kichwani badala ya mwavuli. Kumbe alikwenda kwao kumweleza mama yake kwanza, ili asisikie kwa redio. Barabara ilikatwa na maji, wametembea tangu alfajiri.

Akala kiapo. Akasema yote: msimamizi, mtu wa ofisini, karatasi zilizoandikwa tayari, tarehe, saa. Sauti ilikuwa ndogo, kisha ikakua. Wakili wa Mkuu akasimama.

"Wewe ni mshonaji. Huo mkunjo unaodai uliutoa, uko wapi?"

"Waliuchukua."

"Kwa hiyo hakuna anayejua ulikuwa na nini. Na katika karakana yenu, kama tulivyosikia, hamsomi. Mnashona."

"Mama hapo nyuma alitukataza kusoma," Chiriku akasema, na kidole kikanielekea. "Lakini mimi tangu zamani namwibia. Nasoma kila kitu. Nasoma mpaka risiti za watu."

Chumba kikacheka. Jaji hakucheka, aliweka penseli chini.

"Ulisoma nini?"

"Tarehe tatu Desemba, mstari wa nne. Mwenye nyumba amesema wapangaji wana ramani ya ukumbi wa stesheni, na mabegi. Pembeni palikuwa na saini kwa wino mwekundu. Nilisoma mara mbili, mheshimiwa. Mke wa jirani yake Mama nilikuwa namfahamu. Alinishonea nguo ya shule."

Seremala alikuwa benchi la kushoto. Sikujua kama huja. Aliinuka, akatoka nje kwenye mvua bila kofia.

Ni nani katika ofisi ile anayesaini kwa wino mwekundu, Jaji hakuhitaji kuuliza. Saini za namna hiyo zimejaa mikunjo yote minane niliyoshona mimi. Kitambaa cheupe kilikuwa usoni pa Mkuu na hakikutoka.

Binti yangu alimfuata Chiriku barazani. Nilidhani atampiga. Alimvua viatu akavimimina maji.

Ijumaa, 2 Mei

Mkuu ameugua ghafla, kasema daktari wake. Mvua imepungua. Msimamizi wetu ameitwa kuhojiwa. Chiriku amerudi kazini, anaongea tena, kelele tupu, nimemwambia apumzike na akaendelea.

Jumanne, 6 Mei

Jaji amesoma uamuzi wa awali. Onyo lilipokelewa na kuandikwa na karani, tarehe tatu Desemba. Lilisainiwa. Halikufanyiwa kazi. Baada ya shambulio, daftari lilichezewa ili kuficha. Karani hana hatia yoyote. Mkuu na msimamizi wapelekwe kwa mwendesha mashtaka, na Chiriku ahesabiwe shahidi, asishtakiwe. Kama wakubwa wa juu ya Mkuu walijua, tume haijaweza kusema, na kazi inaendelea.

Wakili alimkumbatia binti, kisha akanikumbatia mimi bila ruhusa.

Nilidhani nitapiga vigelegele. Sikupiga. Nyuma yetu wafiwa walikuwa wamekaa, wanatazama mbele. Walikuwa wameambiwa kwamba watu wao wangeweza kuwa hai. Tulipita katikati yao taratibu.

Ijumaa, 9 Mei

Seremala amegonga mlango saa kumi jioni. Binti alifungua mwenyewe. Nikajibanza jikoni, lakini masikio yangu hayana adabu.

"Siku ngapi?" akauliza. Hata salamu hakuna.

"Kumi na moja, toka simu mpaka bomu," binti akasema.

"Kumi na moja." Akakaa bila kukaribishwa. "Alikuwa anakwenda kumwona dada yake. Haikuwa lazima siku ile. Wangetuambia tu. Wangebandika hata karatasi mlangoni."

"Niliipeleka mara mbili," binti akasema. "Tarehe tatu, na tarehe sita nikamkumbusha. Akaniambia raia wanaota. Ningetoka nje nikapiga kelele barabarani. Nafikiria hilo kila siku."

Nilitaka kutoka nimkatize. Nikajizuia, na Mungu anajua haikuwa rahisi.

"Usinibebee lile la Mkuu," seremala akasema. "Nilikunyima salamu miezi mitatu. Hilo ndilo langu."

Kisha akasema wafiwa wanakutana Jumapili katika darasa la shule. Wanaandika barua, wanataka kujua saini ya wino mwekundu ilitoka kwa Mkuu ikaenda wapi. Hakuna kati yao anayejua jinsi taarifa zinavyotembea ndani ya ofisi ile.

"Wewe unajua. Utakuja?"

Binti akageuka kuangalia jikoni.

"Usiniangalie mimi," nikasema. "Umeulizwa wewe."

"Nitakuja," akasema.

Jumapili, 11 Mei

Jua. Wamekwenda sasa hivi, binti na seremala na mjukuu katikati. Wanabishana tangu mlangoni kama barua ianze na tarehe ya simu au na majina ya waliokufa. Binti ni mtu wa ofisi, anataka tarehe. Seremala anasema, anasema, hamalizi sentensi. Hawakuniuliza mimi. Walipofika konani nimefungua dirisha nikawapigia kelele mtaa mzima usikie:

"Majina! Anzeni na majina!"